Amekwenda Kutazama Ndege

Mysuru, 9 Novemba 1986

Kwako Vanaja,

Salamu. Usishtuke kuuona mwandiko wangu baada ya miaka kumi na mmoja. Ni mimi kaka yako Narahari, na akili zangu zimetimia.

Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kwamba baba yetu, Appa, alifariki tarehe 6 ya mwezi uliopita, alfajiri, akiwa usingizini. Ugonjwa haukumtesa. Siku ya kumi tulimfanyia ibada yake Srirangapatna, pale mto Kaveri unapogeukia magharibi, na siku ya kumi na tatu tukalisha watu sitini. Hukuarifiwa, na sitakudanganya kwamba barua ilipotea njiani. Unajua mwenyewe kwamba siku ulipoolewa na yule Mkristo wako wa mgodini, Appa alituamuru sote tuoge josho la msiba kwa ajili yako, kama mtu anavyoogewa akifa, na tukaoga, hata Amma. Aliyekwisha kufa hapelekewi habari za msiba.

Lakini yaliyopita si ndwele. Sasa mkuu wa nyumba ni mimi, na mimi si Appa. Amma anakutaja. Macho yake yameingia ukungu, hawezi tena kusoma, na tangu msiba mguu wa kushoto umekuwa mzito. Nimekaa nikafikiri, nikaona damu ni nzito kuliko maji. Njoo Mysuru umwone mama yako. Usije sasa, acha nyumba ipoe kwanza. Niandikie ni mwezi gani utapata ruhusa.

Mumeo usimlete. Na mtoto muache huko huko.

Kaka yako,
Narahari


Migodini, Kolar, 17 Novemba 1986

Kaka Narahari,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, na mleta barua akabaki ananikodolea macho kwa sababu nilikuwa nacheka huku nalia. Appa amekufa, na mimi wiki ile nilikuwa nawafundisha watoto wa darasa la pili wimbo wa mvua! Hasira ndiyo iliyotangulia. Mtu aliyeniogea msiba nikiwa hai amenipunja hata ndoo moja ya maji ya kumwogea yeye. Mume wangu Arulappa aliniambia nenda kaoge, hata kama umechelewa mwezi mzima, nami nikaenda kisimani nikajimwagia maji na nguo zangu mwilini kama inavyotakiwa. Basi mimi na Appa tumemalizana.

Lakini umeandika kwamba Amma ananitaja. Sentensi hiyo nimeirudia mpaka karatasi imelegea. Ananitajaje? Kwa jina zima, au ananiita Vanu?

Kaka, nikuondoe wasiwasi mapema. Sitaki kitu cha nyumba hiyo. Sitaingia jikoni, sitagusa chombo, sitasogelea chumba cha ibada. Niweke uani penye kisima, nile kwenye jani kama mpita njia, na jani nitalitupa mwenyewe. Nataka kumwona Amma tu, nimshike miguu. Mara ya mwisho alikuwa amesimama nyuma ya Appa, nywele zinachuruzika maji ya lile josho, na hakuniangalia usoni. Nataka aniangalie. Nimeishi miaka kumi na mmoja na hilo jambo moja, na najua nikilipata nitanyamaza maisha yangu yote.

Shule hunipa siku tatu bila ugomvi mwishoni mwa Februari. Nimeanza kumfumia shali ya manjano, maana wanasema mwenye ukungu machoni huona manjano kabla ya rangi zote.

Mdogo wako,
Vanaja

Ulikuwa unanikimbiza na mjusi uani. Nalo hilo nimelisamehe.


Mysuru, 2 Februari 1987

Kwako Vanaja,

Salamu. Tarehe 27 Februari, Ijumaa, inafaa. Sikiliza mpango wangu na uufuate kama ulivyo.

Binti yangu Shalmali anaposwa. Kijana ni mhandisi Bengaluru, watu wa ukoo safi, na bibi yake mzaa baba amefikia kwa jamaa zake mtaa wetu huu huu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ili atuangalie tunavyoishi. Ni mzee mwenye macho makali. Nyumba yetu inapakwa chokaa, kuna mafundi kila chumba. Kwa hiyo nimekuchukulia chumba katika lojing moja karibu na stesheni ya mabasi. Ni safi na haina kunguni.

Amma yuko Nanjangud kwa shangazi. Amejifunga nadhiri ya siku arobaini na nane hekaluni kwa ajili ya roho ya Appa, na nadhiri inakwisha siku hiyo hiyo utakayofika. Nitamleta kwako mwenyewe. Kama atachelewa kidogo, sitakuacha ukae lojing unahesabu mbu. Nimeikodi teksi ya Mahadevu siku zote tatu. Kila siku safari moja, asubuhi kwenda na jioni kurudi, nikuonyeshe tena mambo ya utoto wetu. Mtu hakosi cha kutazama kuuzunguka mji huu.

Ukiulizwa lojing, sema wewe ni mwalimu uliyekuja matembezi. Si uongo.

Kaka yako,
Narahari


Migodini, Kolar, 4 Machi 1987

Kaka yangu,

Nimefika salama, ni mgongo tu unaolalamika.

Niseme kwanza lililonikaa kooni, ili barua iliyobaki iwe ya shukrani. Nilikuja kumwona Amma na nimerudi sikumwona. Ijumaa ulisema atafika kesho. Jumamosi ukasema kesho. Jumapili jioni ukaja stesheni peke yako, ukaniambia kuhani amemwongezea siku saba. Nilikuomba Mahadevu anifikishe Nanjangud, si mbali, nimwangalie hata kwa mbali kwenye ngazi za hekalu, ukaniuliza kama nataka kuivunja nadhiri ya mama yangu kwa macho ya mtu anayepikia wala nyama. Tumelelewa nyumba moja, najua nadhiri ni nini. Mtu akikatizwa siku ya mwisho, zote zilizotangulia zimekwenda na maji. Basi sikulaumu, ingawa ndani ya basi nililia mpaka mama mmoja muuza karanga akaniuliza nimefiwa na nani.

Sasa shukrani. Ijumaa, kwenye hekalu la Somanathapura, nilikuwa nimewasahau wale tembo waliochongwa chini kabisa kuuzunguka ukuta. Ulinikumbusha nilivyokuwa nawahesabu nikiwa na miaka sita, na kila nikizunguka napata hesabu mpya, na Amma anacheka. Niliinua mikono nisali ukanizuia, ukasema sanamu za pale zilivunjika zamani, hapafanyiwi ibada, Mungu hayumo, kwa hiyo hata mimi siwezi kunajisi kitu. Nilicheka na wewe. Baadaye garini nililifikiria hilo neno kidogo.

Jumamosi kule ngomeni Srirangapatna tulitembea juu ya ukuta tangu asubuhi. Lile gereza la chini lilinitia baridi, na wewe ukasimama pale kwenye minyororo ukanyoosha mikono kama mfungwa ili unichekeshe, kaka mwenye mvi! Hekaluni kwa Bwana Ranganatha hatukuingia, ulisema pamefungwa wanafanya usafi, ijapokuwa niliona watu wanatoka na maua. Nilipokuomba tupite pale mto unapogeuka nimtupie Appa ua moja, uso wako ulibadilika ukamwambia Mahadevu apige moto gari. Niliona nimekugusa kidonda. Nisamehe.

Na Jumapili, ndege! Sijui kwa nini tulipokuwa wadogo hatukupelekwa pale. Visiwa vya katikati ya mto vimejaa korongo mpaka miti imegeuka myeupe kwa mavi yao, na wale wenye midomo kama mwiko wanakoroga maji kama wanasonga ugali wa ulezi. Mwenye mtumbwi alitupitisha karibu na mamba aliyelala kinywa wazi. Juu ya mti mmoja alikuwapo mama korongo amekunjua mabawa yote mawili kuwakinga wanawe na jua. Hakusogea. Ilikuwa saa tano, jua kali, na yule mama hakusogea hata kidogo. Nilimwangalia mpaka ukaniambia nifunge mdomo nisimeze inzi. Nilifurahi, kaka. Sikumbuki mara ya mwisho nilifurahi hivyo. Kwa saa nzima nilisahau kila kitu.

Amma akirudi, msomee barua hii yote, tangu mwanzo. Mpe ile shali, na lile kopo la vidonge vya ufuta na sukari guru, bado anavipenda? Mwambie nitaomba ruhusa tena likizo ya Mei, na safari hiyo hata akijifunga nadhiri mbili, nitakaa kwenye ngazi za hekalu nimngoje.

Mdogo wako anayekushukuru,
Vanaja


Mysuru, 12 Machi 1987

Kwako Vanaja,

Salamu. Barua yako nimemsomea Amma. Alisikiliza kwa makini mpaka mwisho. Aligeukia ukutani akatulia kama mtu aliyeridhika. Shali imempendeza.

Uchumba wa Shalmali umekubaliwa, harusi itakuwa mwisho wa Mei. Kwa sababu hiyo Mei usije, nyumba itajaa wageni. Zawadi pia si lazima. Mimi la wajibu wangu nimelitimiza. Nilisema nitakuleta Mysuru na nimekuleta, Bwana Ranganatha ni shahidi.

Nitakuandikia ikitokea haja.

Narahari


Mysuru, 2 Aprili 1987

Vanaja mwanangu,

Ni mimi Puttamma, mpishi wa kwenu, niliyekuwa nakusuka ukapiga kelele hadi mtaa wa pili. Maandishi yangu ni kama kuku kapita kwenye unga, nimejifunza uzeeni, soma polepole.

Mwanangu, Amma hakwenda Nanjangud. Hajatoka chumba cha nyuma penye kisima tangu siku ya kumi ya Appa. Mguu haumbebi. Siku zile tatu ulizokuwa mjini alikuwa amelala pale pale. Ukipanda darini kwetu unaliona paa la ile lojing yako.

Nikueleze lilivyoanza. Siku hiyo ya kumi, kule mtoni, kaka yako aliweka tonge la wali juu ya jiwe. Kunguru walijaa mtini, hakushuka hata mmoja. Wewe ni mtoto wa nyumba ile, unajua maana yake, marehemu ameondoka na jambo moyoni na hatakula mpaka alisikie limeahidiwa. Kaka yako akaahidi kumwoza Shalmali kwa watu wa maana. Kunguru kimya. Akaahidi kukarabati kisima. Kimya. Wifi yako Rukmini akaahidi kufunga kila Jumatatu. Saa mbili nzima, jua la utosi, wali unakauka, watu wanaangaliana. Ndipo Amma akasema kutoka garini, mbele ya wote, "Mwahidi Vanaja." Kaka yako akasema, Appa, nitamleta Vanaja kwa mama yake. Hajafunga mdomo, kunguru ameshakula.

Kwa hiyo baba yako alikutaka, mwanangu. Hilo ni lako, hakuna wa kukunyang'anya.

Lakini ndipo likaja jambo la posa, na yule bibi wa Bengaluru mwenye kuchungulia kila mlango. Wifi yako akasema mtu wa nyumba ya Kikristo akionekana uani kwetu, Shalmali atazeeka mikononi mwetu. Na ahadi kwa maiti nayo inatisha. Ndio wakatafuta njia ya kukuleta bila kukuleta.

Kwa Amma walikubaliana kuja kwako kusifichwe, ili ahadi ionekane imetimizwa. Aliambiwa umekuja. Ijumaa akauliza yuko wapi, kaka yako akamjibu kabla ya kutoka kwamba umetaka kwanza kwenda kutazama hekalu la Somanathapura, utakuja kesho. Amma akacheka, akasema alikuwa anawapenda wale tembo. Jumamosi akaambiwa umekwenda ngomeni. Jumapili aliniamsha kabla ya jogoo, akataka aogeshwe, achanwe, akaniambia nimtoe nje nimketishe kwenye kiti mlango wa nyuma, uso kwenye njia. Alikaa hapo tangu asubuhi. Saa tano jua lilimfikia, nikataka kumsogeza kivulini, akakataa, akasema nikiwa kivulini hataniona. Mtu akipita anainua shingo na macho yake yale yasiyoona. Saa saba wifi yako alitoka jikoni akimenya vitunguu, akamwambia, "Amekwenda kutazama ndege, Amma. Atakuja kesho."

Amma akaniomba nimrudishe kitandani.

Halafu ikaja barua yako. Kaka yako aliisoma kwa sauti na mimi nikiwa nje ya mlango nakuna nazi. Hakuongeza neno hata moja. Alipunguza tu. Alianzia kwenye tembo, akasoma ngome, akasoma ndege wote na mamba, akaishia pale ulipofurahi ukasahau kila kitu. Hapo akaikunja. Karatasi yenyewe nimeikuta baadaye kwenye kikapu cha kuwashia moto, nikaisoma yote, na anwani yako nimeipata humo. Shali wifi yako alimpa Mahadevu, anafutia kioo cha gari. Vidonge vya ufuta walivila ng'ombe wa barabarani, maana vimetoka mikononi mwako.

Tangu siku ile Amma anakula vijiko viwili, halafu kimoja. Nimemnong'oneza ukweli. Hakuniamini, alidhani namliwaza kama mtoto. Aliniambia, "Puttamma, nilimwogea mwanangu msiba angali hai. Naye sasa amenirudishia." Maneno yangu hayafai kitu. Anataka sauti yako.

Njoo upesi. Alhamisi ijayo wote wanakwenda Nanjangud kuweka nadhiri ya harusi, ya kweli safari hii. Pita mlango wa kisima, sitaukomea.

19 Aprili. Barua hii imekaa chini ya pipa la mchele siku kumi na saba. Wifi yako hakuniacha nitoke peke yangu hata sokoni. Amma alikufa Alhamisi tarehe 9. Mlango wa kisima ulikuwa wazi, alikuwa ameuelekea. Naituma hivyo hivyo. Nisamehe au usinisamehe.

Puttamma


Mysuru, 20 Aprili 1987

Mdogo wangu mpenzi Vanu,

Amma ametutoka tarehe 9. Uzee, Vanu, na kumpoteza Appa, hakuna dawa ya hayo. Simu ya maandishi sikutuma kwa sababu mambo yalinizonga, na najua moyo wako ni mkubwa.

Lakini kuna jambo. Juzi tulimfanyia siku ya kumi pale mtoni. Niliweka wali mwenyewe, na mtindi juu yake kama alivyopenda. Kunguru hawakushuka. Tulianza saa tatu. Wakwe wa Shalmali walikuwapo wote, na yule bibi amekaa chini ya mwavuli anahesabu kila ninachosema. Niliahidi kujenga chumba cha mahujaji kwa jina lake. Niliahidi kulisha watu mia. Rukmini aliahidi dhahabu yake. Saa nane mchana mjinga mmoja katika jamaa akasema mtajieni Vanaja, kama mara ile. Sikuwa na la kufanya, nikasema, Amma, nitamleta Vanaja. Kunguru mmoja akashuka. Akatua juu ya jiwe, hatua mbili kutoka kwenye wali. Akanitazama. Vanu, alinitazama hivi, shingo upande, halafu akaruka akaenda zake. Kuhani mzee akasema mbele ya wote kwamba kunguru hali ahadi moja mara mbili. Wali tukampa ng'ombe.

Sasa yule bibi anauliza mama wa nyumba hii aliondoka na nini kifuani. Anasema hawachukui msichana kutoka nyumba ambayo wafu wake wana njaa. Wamesema watangoja ibada ya mwezi, Ijumaa tarehe 8 Mei, waone. Shalmali amejifungia chumbani. Ana miaka ishirini na sita, Vanu, na mtaa mzima umeshasikia.

Kuhani anasema wali ukiwekwa kwa mkono wako atakula. Namtuma Mahadevu na gari hadi mlangoni kwako. Utalala nyumbani, chumba cha Appa. Utaingia kwa mlango wa mbele. Mumeo akitaka aje. Sitauliza kitu, wala wewe usiulize kitu, tuachie waliokufa yao.

Njoo. Si kwa ajili yangu, kwa ajili ya Amma.

Kaka yako,
Narahari


Migodini, Kolar, 27 Aprili 1987

Kaka,

Mleta barua amenipa barua mbili kwa pamoja, yako na nyingine. Ile nyingine nimeisoma kwanza. Hakuna haja ya kukuambia ni ya nani, na ukimfukuza mwenye kuiandika, ana chumba kwangu, Arulappa ameshakipiga deki.

Nimeoga. Safari hii sikuchelewa mwezi.

Jana nilipika wali, nikatia mtindi, nikauweka juu ya ukuta wa uani. Kunguru wa huku hawana adabu, wanawapora watoto mkate mkononi, lakini jana walikaa kwenye waya wa umeme wakanitazama. Mimi sikuahidi kitu. Sina tena cha kumwahidi. Nilisimulia tu, kwa sauti, majirani wakasikia. Amma, nilikuwa lojing karibu na stesheni. Niliambiwa uko Nanjangud. Kila asubuhi niliuliza. Ulipokuwa kwenye kiti juani saa ile ile nilikuwa mtoni natazama mama wa watoto wengine. Nilisema sikusahau kila kitu, Amma, ni neno tu mtu anaandika akiwa na furaha. Alishuka mmoja. Akala nusu, akaacha nusu.

Nusu hiyo iliyobaki ni yako, kaka. Anaitaka kwako.

Gari la Mahadevu usilitume. Mwambie tu hiyo shali ni ya sufi, ataichana akifutia kioo, afutie gazeti. Chumba cha Appa sikihitaji. Lakini nakuambia kitakachomshusha kunguru, bure, kwa sababu ya Shalmali ambaye hakunifanyia ubaya. Tarehe 8 simama pale mto unapogeuka, mbele ya yule bibi na mwavuli wake, useme ulichofanya, kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili. Usipunguze. Amma atakula kabla hujamaliza. Wakwe nao wataondoka kabla hujamaliza, hilo pia nalijua. Mwanao au mama yako, chagua. Mimi hamkunipa hata nafasi ya kuchagua.

Nami nakujua. Utasimama pale na ahadi mpya mdomoni. Basi jua likifika utosini na wali umekauka, na watu wakianza kuuliza huyo binti yuko wapi mbona haji kumlisha mama yake, jibu unalo, na mkeo analijua vizuri kuliko wewe.

Waambie amekwenda kutazama ndege. Atakuja kesho.

Vanaja